Besi ya bendi haitafutwi chumbani

Sauti ya besi inayokupendeza ukiwa peke yako chumbani na ile inayoibeba bendi ukumbini ni sauti mbili tofauti, na mara nyingi zinapingana. Nimepiga besi kwenye bendi za dansi hapa Dar es Salaam kwa miaka mingi, kwenye kumbi za kuta nne na kwenye baa zilizoezekwa mabati zisizo na ukuta hata mmoja, kwenye harusi, kwenye bonanza za Jumapili, na siku nyingine kwa vyombo vya kukodi ambavyo sikuwahi kuviona kabla ya saa ile. Vijana wengi wanaoshika besi leo wana vidole vyepesi kuliko vyetu tulipokuwa na umri wao, lakini ukisimama katikati ya ukumbi huwasikii. Naandika haya kwa ajili yao.

Ukiwa peke yako mkono wenyewe unakwenda kuongeza besi, yaani sauti za chini, unaongeza na trebo, sauti za juu, kidogo, halafu unapunguza midi, zile sauti za kati. Chini panakuwa panene, juu panang'aa, kifua kinatetemeka. Dukani nako muuzaji atakuonyesha amplifaya ikiwa imepangwa hivyohivyo kwa sababu inavutia haraka. Sasa ingia nayo kwenye bendi. Dramu ina kiki yake, ile ngoma kubwa ya kupigwa kwa mguu, kule chini. Tumba kubwa ipo jirani na kiki. Magitaa ya solo, sekondi na rithimu yamekaa juu yako, kisha kuna tarumbeta na saksafoni, kisha waimbaji wanne walio mstari wa mbele. Ule unene wako wa chini unagongana na kiki, ule mng'ao wa juu unafunikwa na matoazi na rithimu, na pale katikati palipokuwa na nafasi yako umejiondoa mwenyewe. Kinachobaki ni mngurumo usio na noti. Watu wanauhisi miguuni, lakini ukimwambia mmoja akuimbie ulichopiga, hawezi.

Sababu yake inaeleweka kwa namba chache. Uzi mnene wa E ukipigwa wazi unatoa mtetemo wa hezi 41, yaani mara 41 kwa sekunde. A ni 55, D ni 73, G ni 98. Lakini huo ni msingi tu. Kila noti hubeba juu ya msingi wake mitetemo mingine, mara mbili yake, mara tatu, mara nne na kuendelea, na hiyo ndiyo sikio linaitumia kujua umepiga noti gani. Kama huamini, chukua redio ndogo ya mkononi. Spika yake haina uwezo wa kutoa hezi 41 kwa namna yoyote. Weka wimbo wowote wa Mlimani Park au wa JUWATA Jazz uliorekodiwa RTD, Redio Tanzania Dar es Salaam, miaka ya 80, kisha sikiliza besi. Utaifuata noti kwa noti kuanzia ubeti wa kwanza mpaka chemko, ile sehemu ya mwisho ya kuchezesha. Msingi haupo kwenye ile spika, lakini ubongo wako unaujenga kutokana na mitetemo ya juu yake. Wale wapigaji walikuwa na midi. Nimezirudia rekodi zile kwa ajili ya kusikiliza besi peke yake kuliko kwa jambo lingine lolote, na kila mara nastaajabu jinsi noti zilivyo fupi, kavu na zenye kutamkwa.

Kwa hiyo nikifika mahali, vitufe vyote vya amplifaya naviweka katikati, nasubiri bendi ianze kupiga, ndipo naanza kugusa. Sitafuti sauti wakati wengine wanapakua vyombo. Bendi ikishachanganya, noti zisiposomeka, naongeza midi ya chini, eneo la hezi 250 hadi 500, ambalo ndilo linaipa noti mwili. Kidole kisiposikika kinapogusa uzi, napandisha kidogo eneo la hezi 700 hadi 1,000. Nikisikia mngurumo, napunguza besi. Sauti hiyo ukiisikiliza peke yake haina mvuto, inakuwa kama inatokea puani, na mwenzako aliye karibu anaweza kukushangaa. Mwache ashangae mpaka bendi irudi kupiga.

Jambo la kupunguza besi ndilo gumu zaidi kulikubali, nami nalisisitiza kwa sababu linahusu pia uhai wa vyombo. Ukipandisha sauti za chini kwa desibeli 10, unaidai amplifaya nguvu mara kumi kwenye eneo hilo. Kichwa, yaani amplifaya yenyewe bila spika, cha wati 300 kilichokuwa kinapiga kwa raha kikitumia wati 30 sasa kimefika ukingoni. Kikipita hapo kinakata vichwa vya mawimbi, sauti inapasuka, koni ya spika inaruka mbele na nyuma bila kutoa noti ya maana. Mpigaji anasikia bado hasikiki, anaongeza tena. Nimeona spika nyingi zikifa kwa njia hiyo. Baa zisizo na kuta zinachochea tatizo hili, maana hakuna ukuta wa kuirudisha sauti ya chini. Inatoka nje inakwenda zake, na mpigaji anadhani amplifaya imechoka. Pale dawa ni midi, na kama kichwa chako kina kichujio cha kukata sauti zilizo chini kabisa, kiwashe. Utapata nguvu ambayo ulikuwa unaipoteza kwenye mtetemo usiosikika.

Kuna imani kwamba besi lazima ipigwe kwenye spika kubwa sana, inchi 15 kwenda juu. Spika ya inchi 15 ni nzuri, mimi mwenyewe nimeitumia. Lakini Ampeg, kampuni ya amplifaya ya Marekani, walipotoa SVT mwaka 1969, kichwa cha valvu cha wati 300 kwa ajili ya majukwaa makubwa, waliambatanisha nacho makabati yaliyofungwa yenye spika nane za inchi 10 kila moja. Spika ndogo nyingi zinatoa midi iliyo wazi na kwa pamoja zinasukuma hewa nyingi. Ukiwa na pesa ya kununua kitu kimoja, kabati la pili la spika litakusaidia kuliko kichwa chenye wati zaidi. Kuongeza wati mara mbili kunakupa desibeli 3 tu, tofauti ambayo mchezaji ukumbini haitambui kwa urahisi. Ili sikio lione sauti imekuwa kubwa mara mbili, unahitaji karibu mara kumi ya nguvu.

Ukiongeza kabati, hesabu omu, kipimo cha ukinzani wa spika kwa umeme. Makabati mawili ya omu 8 yakiungwa pamoja kwa kawaida yanakuwa omu 4. Ukiweka la tatu inashuka hadi karibu 2.7. Vichwa vingi vimeandikwa nyuma kwamba mwisho wake ni omu 4, na maandishi yale hayakuwekwa kwa urembo. Kwenye harusi moja Tabata, mwenye vyombo vya kukodi aliunga kabati la tatu ili sauti ishike ukumbi. Tulimwonyesha maandishi, akasema amefanya hivyo siku zote. Maharusi walipokuwa wanaingia kichwa kilijizima kwa joto, na tukampigia bibi harusi wimbo wa kuingilia bila besi. Pia waya wa kutoka kwenye kichwa kwenda kwenye spika uwe waya wa spika, wenye nyaya mbili nene. Waya wa gitaa unaingia kwenye tundu lilelile, lakini uzi wake wa ndani ni mwembamba, utapata moto.

Nirudi kwenye sauti yenyewe, kwa sababu sehemu kubwa ya sauti hiyo haiko kwenye amplifaya.

Nilijifunza hilo kwa mzee mmoja aliyepiga besi tangu enzi za bendi za mashirika ya umma. Alikuja mazoezini kwetu siku moja kusalimia tu. Tulipopumzika, baada ya shikamoo na marahaba, nikamwomba anisaidie kuipanga amplifaya. Akasema, "Acha hivyo ilivyo, mwanangu. Nipe gitaa." Akakaa kwenye kiti cha plastiki, akachomoa mfukoni kipande cha sponji ya godoro kilichokatwa vizuri, urefu wa kidole na unene wa kidole, akakisukuma chini ya nyuzi pale karibu na daraja, mahali nyuzi zinapoishia kwenye mwili wa gitaa. Kisha akapiga mstari uleule niliokuwa naupiga mimi. Noti ilianza, ikasema jina lake, ikaisha. Mkono wake wa kulia haukuwa na nguvu nyingi. Dole gumba limetulia juu ya pikapu, kile kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi, vidole viwili vinatembea, na kila kidole kikishapiga uzi kinakwenda kutua kwenye uzi wa juu yake na kuunyamazisha. Mkono wa kushoto nao ulikuwa unaachia noti kwa wakati, haubaki umeikandamiza mpaka noti inayofuata. Hakugusa kitufe hata kimoja. Mpiga tumba aliyekuwa anakunywa maji nje alirudi ndani akauliza nani anapiga.

Baadaye nilisoma kwamba James Jamerson, aliyepiga besi kwenye rekodi nyingi za Motown kule Detroit miaka ya 60, naye alikuwa na sponji chini ya nyuzi, tena nyuzi bapa zisizo na mikwaruzo, ambazo hakupenda kuzibadilisha. Sijui kama mzee wetu alipata kulisikia jina hilo. Alichotuambia ni kwamba besi ikiendelea kulia baada ya kazi yake kwisha, inakanyaga tumba.

Hilo la noti kuisha ni zito kwenye muziki wetu kuliko kwenye muziki mwingine mwingi. Wimbo wa dansi una sehemu mbili kubwa. Kwanza kuna beti, mwendo wa taratibu, waimbaji wanasimulia. Hapo noti ndefu na ya joto inafaa, na mkono wangu wa kulia unakaa karibu na shingo ya gitaa, ambapo uzi ni laini na sauti ni ya mviringo. Kisha linakuja chemko. Magitaa yanaingiliana, tumba inaongea, kila mtu ana noti fupifupi na nafasi kati ya noti zimekuwa sehemu ya mdundo. Hapo mkono wangu unarudi nyuma karibu na daraja, ambapo uzi ni mgumu na noti inatoka kavu yenye midi nyingi. Napata sauti mbili bila kugeuka kuitazama amplifaya, na wacheza hawangojei mtu anayehangaika na vitufe. Msikilize mpiga besi Decca Mpudi kwenye rekodi za TPOK Jazz, bendi ya Franco ya Kongo, uone besi inavyoruka na kuacha mapengo kwenye sebene, ambayo ndiyo chemko lao. Mapengo yale yakijazwa na mngurumo, sebene inakufa hata kama magitaa ni mazuri namna gani.

Mahali unapoiweka amplifaya nako kunaamua mengi. Ukiisukuma kwenye kona ya ukumbi, kuta mbili na sakafu zinaikuza sauti ya chini mpaka inazagaa. Kama ukumbi ni mkavu na vyombo ni dhaifu, kona inaweza kukusaidia. Kama ukumbi unarindima wenyewe, itoe kwenye kona hata kwa mita moja au mbili. Na usiiache chini sakafuni huku umesimama nayo karibu. Midi na trebo zinakwenda zilikoelekezwa, yaani kwenye ndama za miguu yako, sikioni kwako unafikiwa na besi tupu, na hapo lazima utaongeza. Mimi naomba makreti mawili ya soda kwa mwenye baa, nayageuza, naipandisha juu yake na kuiegemeza kidogo inyanyue uso. Ghafla najisikia vizuri nikiwa na sauti ndogo zaidi, na mpiga solo anaacha kunilalamikia.

Wimbi la E ile ya chini lina urefu wa zaidi ya mita 8. Ndiyo maana ukumbini kuna mahali noti moja inavimba na mahali noti hiyohiyo inatoweka, hatua chache tu kutoka pale. Unaposimama jukwaani hujui. Njia niliyoizoea ni kumpa mpiga rithimu gitaa langu apige noti za msingi za wimbo wakati bendi inaendelea, mimi nashuka, nazunguka mpaka kaunta, mpaka mlangoni, mpaka nyuma kabisa karibu na vyoo. Nikikuta noti moja inavimba kila mahali, napunguza eneo lake au namkumbusha kidole changu kuipiga kwa upole. Jambo moja la kukumbuka hapo ni kwamba ukumbi ule mtupu wa saa 12 jioni si ule wa saa 5 usiku. Miili na nguo za watu zinanyonya sauti za juu na za kati kuliko za chini. Kwa hiyo nikiacha midi imezidi kidogo jioni, usiku inakuwa sawasawa.

Umeme. Baa ikiwa na mafriji kadhaa na feni kwenye laini moja na jukwaa, volti 230 zinashuka, na amplifaya ya besi ndiyo ya kwanza kuonyesha unyonge kwa sababu ndiyo yenye kudai nguvu kwa ghafla. Ombeni laini yenu. Mngurumo wa umeme nao ni wa hezi 50, jirani kabisa na G ya fret ya tatu kwenye uzi wa E, ambayo ni hezi 49. Wimbo ukiwa kwenye G mngurumo unajificha ndani ya besi, fundi anadhani umekwisha, kumbe upo na unachafua. Sasa wapo wanaoutibu mngurumo huo kwa kukata waya wa ethi, ule wa usalama unaopeleka umeme ardhini, kwenye plagi. Nawasihi sana msifanye hivyo wala msimruhusu mtu afanye. Les Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows, alifia jukwaani Swansea mwaka 1972, mkono mmoja ukiwa kwenye gitaa, alipogusa maiki iliyokuwa na tatizo la ethi. Mpigaji wa besi ameshika nyuzi za chuma usiku kucha, na mara nyingi midomo yake iko kwenye maiki ya kiitikio. Mngurumo unaondolewa kwa kuchomeka vyombo vyote kwenye chanzo kimoja cha umeme, au kwa swichi ya kuachanisha ethi iliyopo kwenye boksi la DI, kile kisanduku kinachopeleka sauti ya gitaa kwenye mitambo ya ukumbi, ambayo inakata kwenye waya wa sauti tu.

Halafu kuna mkono wa kushoto wa mpapasa kinanda. Kwenye bendi zetu, kwenye taarabu ya kisasa na kwenye makwaya ya makanisani, hili ndilo linaua besi nyingi nzuri. Kinanda kinapiga noti za chini zilezile ulipo wewe, na hazipatani kwa asilimia mia moja kwa muda wala kwa tuni. Hakuna kitufe cha amplifaya kitakachotatua hilo. Inabidi kuzungumza, na uzungumze mazoezini, kwa heshima, si jukwaani kwa macho. Mimi husema, "Kaka, naomba mkono wa kushoto upande oktava moja nikiingia." Aliyelelewa vizuri kimuziki anaelewa mara moja, na wimbo unaofuata kila mtu anashangaa bendi imepata nafasi. Na mpiga dramu vivyo hivyo: kiki yake ikiwa imetiwa blanketi kidogo ndani, ikawa fupi na yenye kugonga, wewe unabaki na urefu wa noti na yeye anabaki na pigo. Mnakuwa kitu kimoja.

Mwisho ni fundi mitambo. Siku hizi kwenye ukumbi mkubwa besi inayosikika na watu inatoka kwenye spika za ukumbi, si kwenye amplifaya yako. Amplifaya inakuwa ya kwako na ya dramu. Kwa hiyo namfuata fundi kabla hajaanza kazi, namsalimia, namuuliza kama anachukua sauti kabla ya vitufe vyangu au baada. Nampendekezea kabla, kutoka kwenye boksi la DI, ili nikigeuza kitu kwa ajili ya masikio yangu nisimharibie mpangilio wake. Ninachomwomba ni kimoja: asiifute midi yangu. Mafundi wengi wamezoea muziki wa diski, wanaivuta besi chini kabisa kwenye spika zile za sakafuni na kuacha juu kutupu. Wakati wa kujaribu vyombo, bendi ikiwa inapiga, nazima amplifaya yangu kwa ubeti mmoja na kumwomba mwimbaji ashuke asikilize. Akirudi akaniimbia mstari wangu wa besi, naiwasha amplifaya kwa sauti ya kunitosha mimi na dramu, tunaanza kazi. Asipoweza kuuimba, narudi kwa fundi, na tunaanza upya na hezi 250.